Charlotte Cooper: Bingwa wa tenisi ambaye hakuusikia mpira

Ukifika miaka 26 na mambo yako bado hayajanyooka, kuna watu watakwambia gari limeshakuacha. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo maneno hayo nimeyazoea. Ndiyo maana leo nataka tumzungumzie Charlotte Cooper.

Huyu mwanadada alizaliwa Septemba 22, 1870, kule Ealing, magharibi mwa London, na tenisi akajifunzia klabu ya huko huko kwao. Mwaka 1895 alishinda taji lake la kwanza la Wimbledon. Mwaka uliofuata akalitetea, likabaki kwake.

Halafu maisha yakamgeuka. Akiwa na miaka 26 tu, akawa kiziwi.

Kwa mchezaji wa tenisi, hilo si jambo dogo. Mlio wa mpira ukigonga raketi ya mpinzani humwambia mtu umepigwa kwa nguvu kiasi gani, hata kabla haujavuka wavu. Charlotte alibaki na macho na miguu yake tu. Na miguu yenyewe ilifunikwa na sketi ndefu ya kufika kwenye vifundo, maana mavazi ya wanawake uwanjani enzi hizo yalikuwa hayo.

Wewe ungedhani angecheza kwa woga, sivyo? Wapi! Wakati wanawake wengi walianzisha mpira kwa kuupigia chini, yeye aliupiga kutoka juu ya kichwa, kisha akasogea wavuni kushambulia. Mwaka 1898 akabeba Wimbledon kwa mara ya tatu.

Mwaka 1900 ikaja Olimpiki ya Paris, ya kwanza kuwaruhusu wanawake kushindana. Walikuwa 22 peke yao kati ya wanamichezo karibu 1,000. Julai 11, Charlotte alimlaza Mfaransa Hélène Prévost 6-1, 6-4 katika fainali. Hapo akawa mwanamke wa kwanza katika historia kushinda taji la mtu binafsi kwenye Olimpiki. Akaongeza la wachezaji wawili mchanganyiko, akiwa na Reginald Doherty. Medali ya dhahabu hakuvishwa, kwa sababu mwaka huo washindi walipewa zawadi nyingine.

Januari 1901 akaolewa na wakili Alfred Sterry, na mwaka huo huo akashinda Wimbledon ya nne. Wakazaliwa watoto wawili, Rex na Gwen. Hapo wengi wangesema basi, mama atulie nyumbani.

Lakini 1908 alirudi Wimbledon. Kwenye robo fainali alimtoa Dorothea Lambert Chambers, aliyekuwa tayari ameshinda taji hilo mara tatu. Fainali akamshinda Agnes Morton. Taji la tano, akiwa na miaka 37 na watoto wawili! Hadi leo hakuna mwanamke mwenye umri mkubwa kuliko huo aliyeshinda Wimbledon akicheza peke yake.

Alifariki Oktoba 10, 1966, mjini Helensburgh, Uskoti, akiwa na miaka 96.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Mataji matatu kati ya yale matano, pamoja na Olimpiki yote, aliyapata baada ya masikio kufunga. Kwa hivyo mtu akikwambia eti umechelewa, mwambie kuna mama mmoja wa Ealing ambaye maneno kama hayo hata asingeyasikia.