Bwana Milne na Matetemeko

Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, yapata saa tisa na nusu mchana, nilikuwa hapa Kampala nikinywa chai. Mara kikombe kikacheza mezani. Baadaye tukasikia kwamba Bukoba, ng'ambo ya ziwa, nyumba zimeanguka na watu wamekufa. Tangu hapo nikatafuta habari za Bwana John Milne.

Alizaliwa Liverpool mwaka 1850. Alifika Japani mwaka 1876 kufundisha elimu ya madini, akipita Siberia kwa nchi kavu, safari ya kuchosha kweli kweli! Tetemeko la Yokohama la mwaka 1880 lilimgeuza. Pamoja na wenzake akaanzisha chama cha kuchunguza matetemeko, wakatengeneza mashine za kuyaandika.

Mwaka 1895 moto uliteketeza nyumba yake, na maandishi ya miaka mingi yakawa majivu. Mimi ningalikata tamaa. Yeye alirudi Uingereza na mkewe Tone, Mjapani, akakaa Shide, katika kisiwa cha Wight, akaanza upya.

Alijua kwamba mashine moja haitoshi. Tetemeko hufika mahali pa karibu mapema na pa mbali baadaye; ukilinganisha saa za vituo vingi, utajua lilikoanzia. Basi akapeleka mashine nchi nyingi, na habari zikamjia Shide mpaka alipofariki mwaka 1913.

Toro ilipotikisika tarehe 20 Machi 1966, watu zaidi ya 100 walikufa. Wataalamu wetu wa Entebbe bado hulinganisha saa za vituo namna ile ile.