Bwana Herman Hollerith na Kadi Zake za Matundu

Sisi tunaojifunza BASIC twaijua taabu ya faili isiyo ya maandishi. Ukiifungua kama barua waona takataka tupu. Bali ukijua kila baiti imewekwa mahali gani, na kwa maana gani, yakurudishia yote uliyoiwekea. Mimi nilidhani jambo hili lilianza na kompyuta. Sivyo. Lilikuwamo zamani katika kadi za Bwana Herman Hollerith.

Alizaliwa tarehe 29 Februari 1860 mjini Buffalo, Marekani, na wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani. Yasimuliwa kwamba utotoni alichukia somo la tahajia, hata siku moja akaruka dirishani kumkimbia mwalimu. (Wadogo zetu wa kidato cha kwanza wasimwige!) Mwaka 1879 alimaliza masomo ya Chuo cha Columbia akiwa na miaka 19, umri wangu mimi, akaingia kazi ya kuhesabu watu ya mwaka 1880. Makarani walipiga vistari kwa mkono, na kazi ile ilichukua karibu miaka 8. Mkubwa mmoja, Dr. John Shaw Billings, akamdokezea kwamba ingefaa ifanywe na mashine.

Kwanza Hollerith alijaribu utepe mrefu wa karatasi wenye matundu. Lakini ukimtaka mtu mmoja, sharti uupitishe utepe wote! Ndipo akakumbuka garini moshi, jinsi kondakta alivyotoboa tiketi kuonyesha sura ya abiria. Basi akampa kila mtu kadi yake. Kila mahali pa kadi palikuwa na maana: hapa mume au mke, pale umri, kule alikozaliwa. Penye tundu ni ndiyo, pasipo tundu ni hapana. Kuisoma, sindano zilishushwa juu ya kadi. Iliyokuta tundu ilipenya ikagusa zebaki chini, umeme ukapita, na mshale wa saa ya kuhesabia ukasogea hatua moja.

Kabla ya hesabu ya 1890 yalifanywa mashindano. Kujumlisha kulimchukua saa 5 na nusu. Wenzake wawili walitumia saa 44 na nusu na 55 na nusu. Akapewa kazi ya watu zaidi ya milioni 62.

Lakini alikuwa mgumu wa bei. Mwaka 1905 aligombana na ofisi ya hesabu ya watu juu ya kodi ya mashine zake, nayo ikatengeneza za kwake. Nadhani hapo alijiponza mwenyewe. Mwaka 1911 kampuni yake iliunganishwa na nyingine, na mwaka 1924 ikaitwa IBM.

Alifariki Washington tarehe 17 Novemba 1929. Mwaka mmoja kabla, IBM ilikuwa imetoa kadi ya safu 80, na kompyuta nyingi za baadaye zikaonyesha herufi 80 katika kila mstari.