Mama Marianne na Padri Damien

Jina la Padri Damien mnalijua: mwana wa Ubelgiji, aliyewatumikia wenye ukoma katika kisiwa cha Molokai tangu mwaka 1873. Bali Mama Marianne Cope wengi hawamjui.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1838, akalelewa Marekani. Baba yake alipougua, binti akafanya kazi kiwandani apate kuwalisha wadogo zake. Kisha akawa mtawa, akaongoza hospitali mjini Syracuse. Mwaka 1883 watu wa Hawaii waliomba masista wauguzi. Mashirika zaidi ya 50 yalikataa, yeye akakubali.

Mwaka 1886 Padri Damien alifika Honolulu, naye ukoma ulikuwa umekwisha kumshika. Wakubwa wa serikali, na hata wa Kanisa (tusifiche), hawakutaka kumpokea. Basi mtu huyu, aliye mbali na nyumba ya baba yake, aende wapi? Mama Marianne aliposikia, yeye peke yake akamkaribisha.

Mwezi wa Novemba 1888 akavuka mwenyewe kwenda Molokai. Padri alikuwa amedhoofika sana, akiwahangaikia wavulana aliowalea. Mama akamwahidi kuwatunza. Padri akafariki tarehe 15 Aprili 1889, na Mama akawapokea wavulana hao juu ya mzigo wa wasichana aliokuwa nao.

Masista wake aliwaagiza kunawa mikono kwa bidii, wala hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Marekani hakurudi tena. Alifariki Molokai mwaka 1918, akazikwa kati ya wagonjwa wake.