Madame de Pompadour: mwanamke aliyejilinda kwa picha

Ukiitazama picha aliyochorwa Madame de Pompadour mwaka 1756, jicho linakwenda kwanza kwenye gauni la hariri ya kijani lililojaa maua ya waridi. Tunakuomba utazame mkononi mwake. Ameshika kitabu kilicho wazi. Kando yake kuna meza ndogo yenye barua na kalamu ya unyoya, na nyuma yake kioo kinachoakisi kabati la vitabu. Vitu hivyo vilikuwa na kazi yake.

Mama huyu hakuzaliwa katika ukoo wa mamwinyi. Alizaliwa Paris tarehe 29 Desemba 1721, akaitwa Jeanne-Antoinette Poisson. Akiwa bado mtoto, baba yake aliikimbia Ufaransa kwa kashfa ya fedha. Mwaka 1745, akiwa tayari mke wa mtu, alikutana na Mfalme Louis wa 15. Akawa hawara rasmi wa mfalme na kupewa cheo pamoja na jina la Pompadour. Poisson kwa Kifaransa ni samaki, na maadui zake walimtungia nyimbo za kejeli kwa jina hilo.

Kufikia mwaka 1750 hivi, mapenzi ya kimwili kati yao yalikuwa yamekwisha. Wengi walitarajia afukuzwe katika jumba la Versailles. Hakufukuzwa. Alibaki akiwa rafiki na mshauri wa mfalme, na mwaka 1756 akateuliwa kumhudumia malkia mwenyewe.

Hapo ndipo mchoraji François Boucher alipomchora. Mwaka 1757 picha ilioneshwa hadharani mjini Paris. Ujumbe wake ulikuwa wazi: huyu si pambo la mfalme tu, ni mtu wa kusoma, kuandika na kufanya kazi.

Na kazi aliifanya. Alisaidia kukuza kiwanda cha vyombo vya kauri cha Sèvres, na aliwatetea waandishi. Lakini Ufaransa iliposhindwa katika Vita vya Miaka Saba na kuipoteza Kanada, wananchi wengi walimlaumu yeye.

Alifariki Versailles tarehe 15 Aprili 1764 kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka 42. Cheo chake kilitegemea moyo wa mtu mmoja, na alikishika hadi mwisho. Picha yake sasa iko Munich, Ujerumani, kitabu kikiwa bado mkononi.