Gottfried Wilhelm Leibniz

Gottfried Wilhelm Leibniz (Leipzig, 1 Julai 1646 – Hannover, 14 Novemba 1716) alikuwa mwanafalsafa, mwanahisabati na mwanasheria kutoka Ujerumani. Anakumbukwa kama mmoja wa waanzilishi wa kalkulasi. Pia alieleza kwa kina mfumo wa binari, yaani kuandika namba zote kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Mfumo huo ndio unaotumiwa na kompyuta leo.

Maisha

Baba yake alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Leipzig, akafariki Gottfried akiwa na umri wa miaka 6. Mtoto alijisomea katika maktaba aliyoachiwa, akaingia chuo kikuu mwaka 1661. Leipzig walipokataa kumpa udaktari wa sheria, aliupata Altdorf.

Miaka 1672–1676 aliishi Paris, alipoongozwa katika hisabati na Christiaan Huygens. Mwaka 1673 alionyesha mjini London mashine yake ya kukokotoa. Kuanzia 1676 hadi kifo chake aliwatumikia watawala wa Hannover kama mshauri na mtunza maktaba.

Mfumo wa binari

Mashine yake ya kukokotoa ilitumia tarakimu kumi za kawaida. Lakini katika andiko la mwaka 1679 Leibniz alieleza hesabu za binari, akawaza mashine nyingine ambamo gololi zingepita kwenye matundu: tundu wazi ni 1, lililofungwa ni 0. Mashine hiyo hakuitengeneza. Makala yake kuhusu binari ilitolewa na Akademia ya Sayansi ya Paris kwa mwaka 1703.

Hakuwa wa kwanza kabisa. Mwingereza Thomas Harriot aliandika namba kwa njia hiyo kabla yake, ila hakuchapisha.

Kubadilisha namba

Ili kubadilisha namba ya kawaida kuwa ya binari, igawanye kwa 2 mara kwa mara na kuandika baki. Mfano ni 13:

13 ÷ 2 = 6, baki 1
6 ÷ 2 = 3, baki 0
3 ÷ 2 = 1, baki 1
1 ÷ 2 = 0, baki 1

Baki husomwa kutoka chini kwenda juu: 1101. Kuhakikisha: 8 + 4 + 0 + 1 = 13.

Programu ya kompyuta hufanya vivyo hivyo: hugawanya, hutunza baki, na kurudia mpaka jibu liwe 0, kisha hupanga baki kuanzia la mwisho. Kwa msingi wa 8 au 16 kinachobadilika ni kigawanyo tu. Katika msingi wa 16, baki za 10 hadi 15 huandikwa kwa herufi A hadi F.

Miaka ya mwisho

Leibniz alizeeka katika ugomvi na wafuasi wa Isaac Newton kuhusu nani aligundua kalkulasi kwanza. Leo wanahistoria wengi wanakubali kwamba kila mmoja aliigundua peke yake. Mwaka 1714 bwana wake alipokuwa mfalme George I wa Uingereza, Leibniz aliachwa Hannover amalizie kuandika historia ya ukoo wa watawala hao. Alifariki kabla ya kuimaliza, na kaburi lake lilikaa miaka zaidi ya 50 bila alama.

Kompyuta za elektroniki zinazotumia 0 na 1 zilianza kutengenezwa katika karne ya 20, zaidi ya miaka 200 baada ya kifo chake.