Mwalimu Nyerere na Mtihani



Kamati ya jarida letu iliniomba niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki siku nyingi, ili wanafunzi wapate mfano wa kuutazama. Wako walionishauri niandike juu ya wazee wetu wa Unyakyusa, na wako walionishauri niandike juu ya wamisionari waliofika kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1891. Mimi nimemchagua Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Habari za urais wake mnazijua, nami sitazirudia hapa. Nimemchagua kwa kuwa naye alikuwa mtahiniwa kama sisi, na baadaye akawa na madaraka ya kuamua mtihani uwe na nguvu kiasi gani katika maisha ya kijana.

Kabla sijaanza, ni haki mjue kwa nini jambo hili limenikaa moyoni. Mimi ni mtoto wa Ngonga, na nilifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2012. Matokeo yalitangazwa Februari 2013, na nchi nzima ikashtuka, kwa sababu kiasi cha watahiniwa sita katika kila kumi walipata daraja la sifuri. Mimi nilikuwa mmoja wao. Siku ile baba hakunigombeza. Alichukua jembe akaenda shambani kwenye mpunga, nami nikamfuata nyuma bila kuitwa. Tulipalilia mpaka jua likafika utosini, na hakuna aliyefungua kinywa.

Serikali iliunda tume, na mwezi Mei matokeo yakapangwa upya kwa utaratibu mwingine wa alama. Sifuri yangu ikageuka daraja la nne. Karatasi zilikuwa zile zile, majibu yale yale, na mwandiko wangu mbaya ule ule. Sikuwa nimejifunza neno jipya hata moja kati ya Februari na Mei, ila kupalilia. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza mtihani hupima nini hasa, na ndiyo maana nikaanza kusoma habari za Mwalimu.

Mwalimu alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 katika kijiji cha Butiama, karibu na Musoma. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, na mama yake aliitwa Mugaya. Kwa miaka kumi na miwili ya kwanza Kambarage hakuijua shule. Alichunga mifugo na kusikiliza maneno ya wazee. Mwaka 1934 alipelekwa Mwisenge, shule ya bweni mjini Musoma, akiwa amechelewa kwa kipimo chetu cha leo. Lakini akili yake ilikuwa nyepesi. Masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa miaka mitatu, akafaulu vizuri mtihani wa kuendelea mbele, na mwaka 1937 akaingia shule ya serikali ya Tabora.

Hapa naomba wadogo zangu wasimame kidogo. Shule ya Tabora ilianzishwa katika miaka ya 1920, hasa kwa ajili ya watoto wa machifu, ili wakoloni wapate wasaidizi wa utawala. Kambarage alikuwa na akili, hilo halina ubishi. Lakini alikuwa pia mtoto wa chifu. Katika Butiama ya siku zile walikuwako watoto wengine waliochunga mbuzi pamoja naye, ambao hawakuuona mlango wa shule kamwe. Hatujui wangepata alama gani, kwa kuwa hakuna aliyewauliza swali. Mtihani huwapima wale tu waliofikishwa mbele yake.

Tabora alisoma kwa bidii na akapenda sana midahalo. Mwaka 1943 alikwenda Chuo cha Makerere, Uganda, kusomea ualimu, na mwaka huo huo akabatizwa na kuitwa Julius. Alimaliza Makerere mwaka 1945 akiwa na stashahada ya ualimu, akarudi Tabora kufundisha. Angeweza kufundisha katika shule ya serikali, ambako mwalimu alikuwa na uhakika wa pensheni. Yeye alichagua St. Mary's, shule ya misheni, na huko alifundisha baiolojia na Kiingereza.

Akiwa mwalimu hakuacha kuwa mwanafunzi. Usiku alijisomea kwa ajili ya mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha London, na Januari 1948 akafaulu katika daraja la pili. Naam, daraja la pili. Tena alipoomba msaada wa fedha ili akasome Uingereza, mara ya kwanza alikataliwa. Hakununa wala hakukata tamaa. Aliomba tena, na mwaka 1949 akakubaliwa. Kwanza mawazo yalikuwa asome sayansi, lakini alipofika Edinburgh, Scotland, alibadili akachukua masomo ya sanaa, yakiwamo historia, uchumi na falsafa. Mwaka 1952 alipata shahada yake ya M.A. na kurudi nyumbani.

Mwaka 1953 alianza kufundisha St. Francis, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa, naye akawa rais wake wa kwanza. Mapema mwaka 1955 ilimbidi achague kati ya kazi ya darasani na kazi ya siasa, akaacha ualimu. Mshahara ukakatika, lakini jina la Mwalimu likabaki naye mpaka kaburini.

Sasa nakuja kwenye kiini cha maneno yangu. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka ule shule zetu za msingi zilikuwa na wanafunzi wasiofika laki tano, na shule zote za sekondari nchini zilikuwa na wanafunzi wapatao elfu kumi na mbili tu. Pigeni hesabu wenyewe. Hata kama kila mtoto wa shule ya msingi angepata alama mia kwa mia, walio wengi wangerudishwa nyumbani, kwa kuwa viti havikuwapo. Kazi ya mtihani ilikuwa kuwapunguza watu mpaka watoshe kwenye viti. Aliyebaki nje aliitwa mjinga, na yeye mwenyewe akaamini hivyo.

Mwalimu aliliona jambo hili kwa macho ya mtu aliyepita humo. Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, alitoa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea. Alieleza wazi kwamba kati ya watoto waliomaliza shule ya msingi, ni kama asilimia 13 tu walioweza kupata nafasi ya sekondari. Kwa hiyo alitaka shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika yenyewe, imwandae mtoto kwa maisha ya kijijini, isiwe ngazi ya kuwachuja wachache. Alitaka pia mtihani upunguziwe heshima, kwa kuwa hupima kukumbuka zaidi ya kufikiri, wala haupimi tabia ya mtu au moyo wake wa kuwatumikia wenzake.

Hatua zilifuata. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika mitihani ya sekondari iliyokuwa ikiendeshwa na Cambridge, na mwaka 1973 Baraza la Mitihani la Taifa likaundwa kwa sheria. Novemba 1974, katika mkutano wa TANU mjini Musoma, iliamuliwa kwamba mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee. Kazi za darasani za kila siku, kazi za mikono na tabia ya mwanafunzi navyo vihesabiwe. Pia iliamuliwa kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote iharakishwe, ifikiwe mwaka 1977. Watoto wengi wa wakulima, wakiwamo wa huku kwetu kandokando ya ziwa, waliingia shule kwa sababu ya uamuzi huo.

Lakini mwandishi wa maisha ya mtu hana budi kusema na upande wa pili, la sivyo anaandika sifa tupu. Watoto wa shule za msingi waliongezeka sana, lakini shule za sekondari za serikali hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Mpaka Mwalimu alipong'atuka urais mwaka 1985, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zenye vijana wachache sana sekondari kwa kulinganisha na idadi yao. Kwa hiyo mtihani wa darasa la saba, ambao maandishi ya 1967 yaliukemea, ulizidi kuwa mkali. Wazazi wa Kilimanjaro, Kagera na huku kwetu kusini walichanga fedha wakajenga shule zao wenyewe. Ukipunguza heshima ya mlango bila kuupanua, watu watazidi kukanyagana hapo hapo.

Jambo la pili ni lugha. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia mpaka sekondari na vyuoni. Pendekezo hilo halikukubaliwa, na Mwalimu mwenyewe alikuwa upande wa kubakiza Kiingereza, asije Mtanzania akatengwa na dunia. Mtu huyu ndiye aliyemtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, Julius Caezar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, akaonyesha kwamba lugha yetu inabeba mzigo wowote. Namheshimu sana, lakini hapa sikubaliani naye. Mtoto wa Ngonga huota kwa Kinyakyusa, hujifunza hesabu kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza huanza kila kitu upya kwa Kiingereza. Mimi mwaka 2012 nilijua vizuri jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, maana nimekulia katika mpunga na kakao. Swali ndilo sikulielewa.

Hata hivyo tafsiri zile zina fundisho jingine. Mwalimu alizifanya akiwa kiongozi wa nchi, mwenye kazi nyingi kupita kiasi. Hakuna msimamizi aliyemgawia karatasi, wala hakuna cheti kilichomngoja. Alijifunza kwa sababu alipenda kujifunza, na hakuacha mpaka uzeeni. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali mjini London, akazikwa Butiama, kijijini kwake.

Wadogo zangu, msinielewe vibaya. Sisemi mtihani ni kitu cha kudharau. Mwalimu hakuudharau. Alikesha akisoma, akafaulu, na kama asingefaulu asingefika Makerere wala Edinburgh. Mtihani ni mlango, na anayetaka kuingia lazima apite mlangoni. Lakini mlango umetengenezwa na watu. Watu ndio wanaoamua upana wake, na watu hao hao wanaweza kuubadili kati ya Februari na Mei. Ukipita, usijione umekuwa bora kuliko mwenzako aliyebaki nje. Usipopita, usikubali kuitwa sifuri. Sifuri ni alama ya karatasi. Haijawahi kuwa jina la mtu.

Mimi nilirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilisoma usiku kwa taa ya mafuta baada ya kazi za shamba, nikaanza na Kiingereza kwanza, kisha masomo mengine. Mara ya kwanza sikupata nilichotaka, mara ya pili nikapata. Leo ni karani katika chama cha ushirika wa wakulima wa kakao. Siyo cheo kikubwa. Lakini mkulima akileta kakao yake nampimia kwa haki na kumwandikia uzito sahihi, na baba yangu anapopita pale hunisalimu mbele ya watu kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika.

Ndugu zangu wa zamani, nanyi nina ombi kwenu. Tunapokutana kila mara tunachangia chakula na muziki, na ni vizuri. Safari hii tuchangie pia vitabu vya hadithi vya Kiingereza chepesi kwa kidato cha kwanza na cha pili, na kila anayeishi karibu ajiandikishe kwa Jumamosi moja katika mwezi aje kuwasomea wadogo zetu na kuwasahihishia mazoezi. Kazi hiyo haihitaji shahada, inahitaji mtu anayekumbuka alivyoteseka mwenyewe. Mimi nimekwisha kuandika jina langu kwa Jumamosi ya kwanza. Daftari liko kwa katibu.