Struve, mupimaji aliyeacha alama mu mawe

Kila mwenye lupango anajua hii: siku jirani anasogeza ukuta wake, kitu cha kwanza tunatafuta ni borne. Mu mine ni vilevile. Ile alama ndogo mupimaji anatia mu jiwe la galeri, njo inasema kama njia mbili zitakutana chini ao zitapishana. Leo tunaeleza maisha ya mzee moja aliyeongoza kazi ya kutia alama za namna hiyo tangu pwani ya Norvège, ku baridi kali, mpaka karibu na Bahari Nyeusi.

Jina lake ni Friedrich Georg Wilhelm Struve. Alizaliwa mwaka 1793 ku Altona, pembeni ya Hamburg. Baba yake alikuwa mwalimu na mtu wa hesabu. Wakati ule majeshi ya Napoléon yalikuwa yanakamata vijana. Wanasimulia kwamba Struve naye alikamatwa, wakamufungia mu nyumba, lakini akaruka kwa dirisha na kukimbia. Mu 1808 akafika Dorpat, mji unaoitwa leo Tartu, mu Estonia. Akaanza na masomo ya lugha za zamani, kisha moyo ukageukia nyota. Mu 1820 akawa mukubwa wa nyumba ya kutazamia nyota.

Watu wa masomo walikuwa wanajua dunia ni mviringo uliobanwa kidogo ku ncha mbili. Lakini umebanwa kwa kiasi gani? Kwa kujua hiyo, ilipaswa kupima mustari murefu sana juu ya udongo. Kazi ilianza mu 1816, ikaisha mu 1855: karibu miaka 40 kwa mustari wa kilometa 2.820. Upande wa kusini aliongoza ofisa Carl Tenner.

Hawakukokota kamba mustari wote. Walipima kipande cha udongo tambarare kwa vyuma, polepole sana. Kisha wakapanda vilima, minara ya kanisa na minara ya mbao, na kusoma pembe tu. Pembetatu moja ikazaa ingine, mpaka zikafika 258.

Lakini mnara wa mbao unaoza. Kwa hiyo chini yake waliacha alama. Fasi zingine ni shimo dogo mu mwamba, mara zingine limejazwa plomb. Fasi zingine ni musalaba uliochongwa mu jiwe, ao tofali lenye alama, na rundo la mawe juu yake. Ku ncha mbili za mustari wakasimamisha nguzo.

Mu nyumba yake maisha hayakuwa mepesi. Bibi yake wa kwanza alikufa mu 1834 na kumuachia watoto wengi. Akaoa tena, wote pamoja, alizaa watoto 18. Mu 1839 akafungua nyumba kubwa ya nyota ya Pulkovo, karibu na Saint-Pétersbourg. Aliona mustari ukiisha, lakini mu 1858 ugonjwa ukamuangusha. Mutoto wake Otto akashika kazi, na mzee akafa mu 1864.

Wakati wa Struve mustari ulipita mu inchi ya wafalme wawili tu. Leo unapita mu inchi 10. Mipaka ilihama, vita vikapita, mawe yakabaki. Mu 2005 UNESCO iliandika alama 34 kati ya hizo mu urithi wa dunia.

Hata Afrika inahusika. David Gill, mutazamaji wa nyota wa Cape Town, alitaka mustari ushuke Afrika nzima na kuungana na ule wa Struve. Ulipita karibu na mpaka wetu wa mashariki. Gill alikufa mu 1914. Kazi ya Afrika ikamalizika mu 1954 tu.

Basi, baba na mama, mukiona mutoto anacheza na kung'oa borne, mumukataze. Kuitia kuliomba jasho la watu, na siku ya mabishano njo itasema ukweli.